Mstari wa Kijani Ndani ya Pemba

Mdogo wangu alikula udongo wa Likasi akiwa Korea, mimba yake ikiwa na miezi mitano, na mimi ndiye niliyempelekea. Niliuficha katikati ya sanduku, ndani ya soksi za sufu, nikaupitisha viwanja vitatu vya ndege bila mtu kuniuliza neno.

Udongo wenyewe tunauita pemba. Ni mweupe na laini. Unachimbwa, unapondwa, unalowekwa, unafinyangwa vipande vya ukubwa wa yai, kisha unakaushwa juani au juu ya moshi. Katika soko lolote la Likasi, mji wetu wa migodi, utaukuta kwenye beseni, kando ya nyanya na samaki wakavu. Wanaoula zaidi ni wajawazito. Mama aliula alipokuwa na mimba zetu zote. Mimi sikuwahi kuumeza hata kidogo, hunikwama kooni.

Kuna jambo moja ambalo mwanamke wa kwetu halisahau anaponunua pemba. Anauliza, "Ya wapi, mama?" Muuzaji anataja kijiji cha mbali chenye mto, mnunuzi anaridhika, na vipande vinaingia mfukoni. Hakuna anayetaka kusikia jina la mahali penye mgodi. Hata msichana wa miaka kumi akitumwa sokoni anajua kuuliza hivyo. Siku ile nilikuwa na haraka ya pasipoti, chanjo na basi la Lubumbashi. Nilichagua vipande kumi na viwili, nikaondoka. Sikuuliza.

Mdogo wangu alikuwa amepoteza mimba mbili hapa Likasi, ya kwanza ikiwa changa, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Baadaye mumewe alipata nafasi ya kusomea vyuma katika chuo kikuu cha Daegu, Korea, naye mdogo wangu akamfuata huko. Shemeji ni mtu wa Kalemie, amekulia ziwani, na alikuja Likasi akiwa mtu mzima, kufundisha. Mambo yetu ya pemba hakuyazoea kamwe. Mimba ya tatu iliposhika, alimkataza mkewe.

"Kulya udongo ya Likasi," alimwambia, "ni sawa na kulamba chimni ya kiwanda."

Mdogo wangu akanipigia simu, mimi yaya wake, yaani dada mkubwa, wakati mumewe yuko darasani. "Yaya, mate inanijaa mu kinywa mpaka nashindwa kulala. Uniletee pemba. Yeye asijue."

"Si alikukataza?"

"Alinikataza kununua. Ya kuletewa hakusema kintu."

Nilicheka. Naandika hilo pia, kwamba nilicheka.

Mama ndiye aliyenituma. Alisema mtoto huyu wa tatu asiende kama wenzake, na kwamba msichana hawezi kubeba mimba ya hofu katika nchi ambayo hata jirani hajui kumsalimia. Nikaomba likizo ya wiki tatu redioni, ambako kazi yangu ni kusoma matangazo ya watu: kadi zilizopotea, mikutano ya kanisa, misiba. Tangazo la msiba nalijua kwa kichwa. Linaanza na familia, halafu linataja mtaa, halafu jina. Jina la mtoto ambaye hakuzaliwa halisomwi, maana hana.

Jumamosi ya wiki yangu ya pili, shemeji alisema tutoke nje ya mji tupate hewa. Alichagua Mungyeong, mji ulio milimani, safari ya saa mbili hivi kwa basi.

"Ni muji ya mugodi," alisema njiani. "Makaa ya mawe haikuleta tena faida, bakafunga. Sasa bantu banalipa kuingia mule ndani, kwenye baba zao balikuwa banalipwa kuingia. Ni Likasi ya huku, ila bameipaka rangi."

Ilikuwa Oktoba. Miteremko yote ilikuwa na majani mekundu na ya manjano, na kando ya barabara miti mifupi ilikuwa imeelemewa na matofaa. Mdogo wangu alikaa dirishani, mkono juu ya tumbo, kinywa chake kikitafuna polepole. Shemeji alidhani ni peremende.

Tulianzia kwenye njia ya zamani ya milimani. Inaanza na lango: ukuta wa mawe uliofunga bonde kutoka mlima hadi mlima, na juu ya uwazi wake paa la mbao lenye ncha zilizoinuka. Malango ni matatu, yameachana kwa mwendo wa saa moja au zaidi. Shemeji alisoma ubao wa maelezo kwa simu yake. Zamani vijana wasomi kutoka kusini walipita hapa kwa miguu kwenda mji mkuu kufanya mtihani wa serikali. Njia nyingine zilikuwepo, lakini waliichagua hii kwa sababu waliamini inaleta majibu mazuri. Kando ya njia kuna rundo la mawe madogo ambapo kila mpita njia anaongeza lake na kuomba. Mdogo wangu aliokota jiwe jeupe, akaliweka juu kabisa, akasimama kidogo kuhakikisha kuwa halianguki. Hakuna aliyemuuliza ameomba nini.

Kilichonishangaza ni miguu. Mabibi na mabwana wenye kofia nzuri na fimbo za kupandia mlima walikuwa wamevua viatu, wamevishika mkononi, na wanatembea peku. Njia yote ni ya udongo wa manjano uliofagiliwa. Mwishoni kuna mahali pa kunawa miguu, pana mabomba na viti. Ni kwa ajili ya afya, shemeji alieleza. Wanasema udongo unatoa magonjwa mwilini.

"Unasikia?" mdogo wangu aliniambia. "Benyewe banasema udongo ni dawa."

"Ya miguu," shemeji akajibu. "Usianze."

Mdogo wangu alivua viatu naye, akatembea. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu arusi yake. Mimi sikuvua. Shemeji alitangulia na simu yake kupiga picha lango la pili. Tulibaki nyuma, mdogo wangu akasema amechoka, akaketi juu ya jiwe kando ya kijito. Mwanga wa saa nne ulikuwa ukishuka moja kwa moja kati ya miti. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa soksi, na ndani ya soksi kipande cha pemba. Akakigonga juu ya jiwe. Kikapasuka mara mbili.

Ndani ya weupe ule mlikuwa na mstari wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea.

Kijani kile hakuna mtu wa Likasi asiyekijua. Ni cha jiwe la malakiti, ambalo mafundi wetu wanalichonga misalaba na visahani vya majivu ya sigara na kuwauzia wageni. Nyumbani tulikuwa nalo juu ya kabati, bonge ambalo baba alilileta kutoka kazini kabla sijazaliwa. Tulikatazwa kulilamba. Palipo na kijani kile pana shaba. Kwetu palipo na shaba pana kobalti, na pana vitu vingine ambavyo watu wa mgodi huvitaja kwa sauti ya chini.

Nilikamata mkono wake kabla haujafika kinywani.

"Mbona unanikamata hivi, yaya?"

"Uliona huu mstari?"

Akatazama. "Ule? Zingine pia zilikuwa nao. Ni muzuri, hein?"

"Zingine ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilikula."

Nikahesabu mimi. Kwenye soksi vilibaki vipande viwili, na hiki kilichopasuka. Tisa vilikuwa vimekwisha. Nilifunga vyote kwenye kitambaa changu cha kichwa nikavitia ndani ya mkoba, halafu nikafunga zipu, halafu nikaijaribu tena kama imefunga. Mdogo wangu alinitazama usoni muda mrefu, na pole pole ile furaha ikamtoka.

"Ulinunua ku nani?" aliuliza.

"Ku mama wa siku zote."

"Alikuambia ni ya wapi?"

Maji ya kijito yalikuwa yanapita. Kundi la wazee peku lilipita pia, likatusalimu kwa kuinamisha kichwa, tukainamisha vyetu. Nilipata muda wa kutosha wa kusema uongo, na nilikuwa nimeutayarisha, kijiji fulani upande wa mto Lufira.

"Sikuuliza," nilisema.

Aliweka mikono yote miwili tumboni. "Usimwambie," alisema. "Atanirudisha nyumbani." Ndipo shemeji akaonekana kwenye kona, akitupungia simu, akituita tupige picha. Ninayo picha hiyo. Tumesimama watatu mbele ya lango, yeye peke yake anatabasamu.

Chakula cha mchana tulikila chini ya mlima, katika nyumba ya chakula yenye meza fupi na jiko katikati ya kila meza. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyeona tumbo la mdogo wangu kabla hajaketi na akamletea mto wa kuegemea. Alileta vipande vinene vya nyama ya nguruwe, majani ya kufungia, vitunguu saumu, kabichi kali iliyochachushwa, na vikombe vya maji mekundu ya tunda la porini ambalo wanasema lina ladha tano. Mimi nilipata mbili, uchachu na uchungu. Alikata nyama kwa mkasi mbele yetu, akaongea kwenye simu ya shemeji, na simu ikasema kwa Kifaransa kwamba nguruwe wa mji huu ni maarufu kwa sababu wanalishwa unga wa jiwe la mlima huu. Jiwe hilo ni dawa, linafanya nyama iwe safi.

Shemeji alicheka mpaka akaweka vijiti chini. "Ata nguruwe za huku zinakulaka majiwe. Ongea naye, mama mutoto, huyu ndio rafiki yako."

Siku nyingine mdogo wangu angemjibu na meza nzima ingecheka. Alikuwa anakunja nyama ndani ya jani, anaikunjua, anaikunja tena. Yule mama akadhani chakula ni kikali. Akamwondolea kabichi, akamletea uji wa wali, akamgusa bega. Mimi nilikula haraka, kwa sababu mtu anayekula haulizwi maswali. Mkoba ulikuwa kati ya magoti yangu.

Jambo lililonitisha pale ni jinsi jambo lilivyokuwa dogo. Mama mmoja analisha nguruwe jiwe, na jiwe lina jina, lina mlima, watu wanajua linatoka wapi. Kila mtu mezani angeweza kuuliza na kujibiwa. Tofauti kati ya meza ile na mkoba wangu ilikuwa swali la maneno mawili.

Kutoka pale tulikwenda makumbusho ya makaa ya mawe, ambayo shemeji aliyasubiri tangu asubuhi. Jengo ni la mviringo, na nyuma yake kuna shimo halisi la zamani ambalo wageni wanaingia. Kabla ya shimo kuna nyumba za wachimbaji zilizotengenezwa upya, chumba kimoja na jiko, sanamu ya mke anayepika, sanamu ya mtoto anayesoma. Mlangoni kuna jozi ya viatu, ncha zake zimeelekea ndani. Shemeji alitafsiri ubao: wake wa wachimbaji waligeuza viatu vya waume zao hivyo, ili mwenye viatu arudi nyumbani. Nilikumbuka mama alivyokuwa haoshi kikombe cha baba asubuhi mpaka king'ora cha kiwanda kilie jioni. Alisema ni uvivu tu. Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya mtaa wetu, na mahali maji yake yalipopita hapakuota majani, na sisi tulicheza hapo kwa sababu palikuwa peupe na pazuri kwa mpira.

Shimoni kulikuwa na baridi na maji yalidondoka. Sanamu za wanaume zilikuwa zimeinama na miti ya kuegemeza mwamba, nyuso zimepakwa rangi nyeusi. Mahali fulani wameweka kipaza sauti: unasikia mwamba unalia, halafu wanaume wanapiga kelele. Wageni waliruka, kisha wakacheka. Mdogo wangu hakuruka. Alisimama chini ya taa, ameegemea ukuta, uso wake una rangi ya majivu, akasema mtoto hajacheza tangu kijitoni.

Ndipo nikamwambia shemeji. Nilifungua mkoba na kitambaa na kumwonyesha pale pale, chini ya taa ya wachimbaji, na nikasema yote kwa mpangilio: simu, soko, soksi, tisa. Mdogo wangu alifunga macho.

Hakupandisha sauti. Aliwasha tochi ya simu, akakigeuza kipande, akakisogeza karibu na jicho kama anavyofanya na mawe yake ya chuo. Nyuma yetu wanaume wa kwenye kipaza sauti walipiga kelele tena.

"Shaba," alisema. "Hiyo naiona. Yenye haionekani ndio inaniogopesha." Halafu akamgeukia mkewe. "Tangu lini hachezi?"

"Tangu saa ine."

"Saa ine." Akavua koti lake akamfunika. Kwangu alisema neno moja tu tulipokuwa tunatoka: "Yaya, miye niliomba kintu kimoja tu." Aliniita yaya kama siku zote. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Mtoto alicheza kwenye basi, tulipokuwa tunashuka kutoka milimani. Mdogo wangu alinichukua mkono akauweka pale, na nikahisi kitu kama kidole kinachogonga mlango. Tulikaa hivyo mpaka Daegu, kila mtu akihesabu vipigo kivyake.

Jumatatu tulikuwa hospitalini. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye kuandika kila kitu. Alichukua damu, akapiga picha ya tumbo, akatuonyesha moyo wa mtoto unavyodunda kwenye kioo. Hakushangaa kwamba mtu anakula udongo. Alisema hata kwao zamani walikuwepo waliokula. Aliuliza lile lile ambalo mimi sikuuliza: udongo umetoka wapi? Nilijibu Likasi. Akauliza, Likasi sehemu gani. Kipande kilichopasuka shemeji alikipeleka kwenye maabara ya chuo chake. Kingine alikifungia kwenye bahasha. Cha mwisho nilirudi nacho Likasi, kwa idhini yake, ili nimtafute aliyekichimba.

Nilimkuta muuzaji mahali pake, na beseni lake. Nilinunua nyanya kwanza, kwa heshima, kisha nikaweka kile kipande mbele yake.

"Mama, hii ilitoka wapi?"

"Pemba ni pemba, mama."

"Mama, nakuomba."

Akakishika, akakipasua kwa ukucha, akauona mstari. Akasema mtu wake wa siku zote, aliyeileta kutoka kijijini, pikipiki ilimharibikia mwezi ule. Akaja kijana mwingine na mfuko. Kijana alisema anatoka upande wa Kamatanda, penye migodi, au alipitia upande wa Kamatanda, muuzaji hakumbuki vizuri. Hakurudi tena. Halafu akaniuliza, mkono wake ukiwa juu ya beseni, kama huyo mdogo wangu anaumwa.

"Hatujui bado."

"Mutoto yangu pia eko na mimba," alisema. "Anakulaka hii ya beseni. Bote tunakulaka hii." Akavuta kitenge akalifunika beseni.

Siku mbili baadaye nilipita. Beseni lilikuwa wazi na wanawake wawili wamechutama mbele yake. Mmoja aliuliza, "Ya wapi, mama?" Sikusikia jibu. Nilisimama karibu na mizani ya muuza mchele, nikatafuta namna ya kulisema jambo hili redioni. Tangazo linataka mahali. Sina mahali. Nina kijana mmoja na mfuko mmoja na upande.

Majibu ya damu ya mdogo wangu yalitoka mwezi uliofuata. Kuna shaba na kuna kobalti, kupita kiwango walichozoea kule. Daktari alisema hawezi kusema imetoka wapi. Huenda ni pemba. Huenda ni miaka ishirini na sita ya kuzaliwa, kunywa maji na kucheza mpira Likasi, na pemba haikuongeza kitu. Maabara ya chuo imethibitisha shaba katika kile kipande, na hayo mengine bado wanayapima. Ili ajue, alisema daktari, angehitaji damu ya mtu aliyekulia nyumba ile ile lakini hajawahi kula pemba.

Mtu huyo ni mimi. Nilitoa damu hapa Likasi asubuhi moja kabla ya kazi. Muuguzi akaniambia mashine ya kupima vyuma haipo hapa wala Lubumbashi, chupa itakwenda Afrika Kusini. Nimelifikiria jibu kutoka pande zote mbili. Damu yangu ikiwa safi, basi ni mimi niliyembebea mdogo wangu sumu ndani ya soksi. Ikiwa sawa na yake, basi sina kosa, na hakuna mtu katika mtaa wetu aliye salama, na Mama ambaye kila jioni ananiuliza kama wamepiga simu ana swali la kujiuliza kuhusu mimba zake zote.

Mdogo wangu sasa ana miezi minane. Anasema mtoto anacheza sana, hasa asubuhi. Chupa yangu iliondoka Likasi, sasa ni wiki ya saba. Jana nilimpigia muuguzi. Alisema ilipokelewa kule, ina namba, na karatasi ya majibu bado haijaandikwa.